Setilaiti haijui jina la zahanati yenu

“Ramani za bure zina wenyewe wanaozichora, sisi tunatumia tu.” Kauli hii huja kila OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, inapozungumzwa hapa Mwanza, na imenichosha, maana anayeitoa ndiye huyohuyo anayelalamika kwamba mtaa wake kwenye ramani ni mtupu. Hakuna wenyewe. Mradi ulianza Uingereza mwaka 2004, na tangu hapo anayechora ni yeyote aliyefungua akaunti. Aliyechora paa la nyumba yenu pale Igogo huenda yuko Ujerumani mbele ya picha ya setilaiti. Paa analiona. Kwamba chini yake kuna zahanati, inaitwaje, na kwamba kichochoro cha ubavuni kimezibwa ukuta, hayo hawezi kuyajua mpaka mtu wa Igogo ayaweke.

Mambo mawili nayapitia haraka. Usinakili majina kutoka ramani ya Google: hayo yana haki miliki, na yakigundulika mchango wako wote wa siku hiyo unaweza kufutwa. Na kwenye sehemu ya jina andika jina lililo kwenye kibao cha duka, basi. “Bei poa kuliko wote Kirumba” si jina.

Sasa vilimani, ambako ndiko ninakokereka hasa. Mabatini, Igogo, Bugarika: nyumba zimepanda juu ya mawe, na njia za kuzifikia ni vijia na ngazi za zege. Mchoraji wa mbali akiona ufito wa udongo kati ya mapaa huupa lebo ya highway=residential, yaani barabara ya mtaa ipitikayo kwa gari. Simlaumu; picha ya kutoka angani haionyeshi mwinuko vizuri. Lakini programu inayoelekeza njia haitazami mawe, inasoma lebo. Itamwambia dereva wa bajaji aliyebeba mgonjwa apandie hapohapo, naye atagota kwenye ngazi asipate pa kugeuzia.

Kijia cha miguu ni highway=path. Ngazi ni highway=steps, tena zikatwe kipande chao peke yao: kama kijia kina mita 200 na ngazi ni mita 15, gawanya mstari pale zinapoanza na pale zinapoisha. Ukiipa njia nzima lebo ya ngazi, umemfungia bodaboda hata sehemu anayopita kila siku. Kwenye vipande anavyopita ongeza motorcycle=yes. Kwenye ngazi weka incline=up, ukihakikisha mstari umeelekea juu, maana “up” husomwa kwa kufuata upande mstari ulikochorwa. Kuna wanaoniambia haya ni madogo. Kwa mjamzito anayeteremshwa usiku kuelekea hospitali ya Bugando si madogo hata kidogo.

Halafu kuna nodi, yaani nukta zinazounganishwa kupata mstari. Njia mbili zinazokutana lazima zishiriki nodi moja. Kwa macho zinaweza kuonekana zimegusana, kumbe kwa programu zimeachana na hakuna njia panda. Kivuko cha Kamanga ni mfano mzuri: mstari wa route=ferry usipoishia kwenye nodi ileile ya barabara ya gatini, pande zote mbili, programu itamzungusha anayekwenda Sengerema kupitia Usagara na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kana kwamba kivuko hakipo.

Kuna jambo ambalo miongozo huligusa juujuu. Picha za setilaiti husogea kidogo kutoka mahali halisi, na kwenye miinuko hazisogei kwa kiasi kimoja. Ukiilinganisha picha na barabara ya bondeni kisha ukachora nyumba za juu, hizo za juu zinaweza kukaa kando ya mahali pake. GPS ya simu nayo, ukiwa kando ya jabali, hukosea kwa mita kadhaa. Mimi huamini wastani wa nyayo kadhaa za GPS, yaani mistari ya njia ambayo simu imeirekodi nikitembea, kuliko picha moja, lakini sina uhakika kwamba huo ndio mwisho wa hoja.

Ukihifadhi mabadiliko, kwenye ramani ya tovuti huonekana baada ya dakika chache. Kwenye Organic Maps, programu ya simu inayotumia ramani hii bila intaneti, husubiri toleo jipya la faili za ramani, kwa hiyo usirudie kuchora ukidhani kazi imepotea. Utazaa duka lilelile mara tatu.

Swali linalonitatiza ni la kampuni. Meta na Microsoft wanatumia data hizi. Leseni inawataka wataje wachangiaji, na wakiiboresha hifadhidata na kuitoa hadharani, waitoe kwa leseni ileile. Haiwataki walipe. Kijana wa Nyakato akiuliza kwa nini achome bando lake kwa ajili yao, jibu langu ni kwamba bodaboda na wauguzi wa kwake wanaitumia ramani hiyohiyo. Najua halimtoshi kila mtu.

Bando lenyewe linaweza kupunguzwa. StreetComplete, programu ya Android ya kuchangia ramani hii, hupakua eneo lako mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi. Unatembea mtaani bila intaneti ukijibu maswali yake: hapa ni lami au vumbi, duka hili lipo bado, ngazi hizi zina reli ya kushikia? Hakikisha umezima kutuma kiotomatiki kupitia data ya simu, kisha tuma yote ukirudi kwenye Wi-Fi.