Laptop yenye kioo cheusi haiponi kwa kupigwa Windows

"Nipigie Windows tu, fundi." Naisikia kila wiki, na safari hii imekuja na HP EliteBook 840 G1. Feni inazunguka, taa ya pembeni inawaka, lakini kioo ni cheusi tii na nembo ya HP haitokei kabisa. Kibaya zaidi, Windows ilikuwa imeshapigwa! Fundi wa kwanza alichomoa diski, akaifuta kwenye mashine nyingine, akaweka Windows mpya, akairudisha. Kioo kikabaki cheusi vilevile, na mafaili ya kazi ya mama wa watu yakawa yamekwenda na maji.

Windows ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Ukibonyeza kitufe, mazabodi inatoa volti zake, prosesa inaamka na kusoma BIOS (programu ndogo ya kuamshia mashine, iliyo kwenye mazabodi yenyewe), BIOS inapima RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) na kuwasha kioo, nembo inatokea. Hapo ndipo diski inatafutwa na Windows inaitwa. Nembo isipotokea, Windows bado haijaguswa. Unabisha? Chukua laptop isiyo na tatizo, chomoa diski yake, iwashe. Itaonyesha nembo na itakuingiza BIOS bila diski yoyote ndani.

Kwa hiyo mtu akiniambia "haiwaki", nauliza kwanza: haiwaki vipi?

Kama haina hata taa, anza na chaja. Pima kwa mita, ila usiridhike kwa kuona 19.5 tu. Hiyo ni chaja isiyobeba mzigo. Chaja iliyochoka hupima vizuri ikiwa peke yake, kisha volti huporomoka mashine inapoanza kuvuta. Jaribu nyingine ya aina ileile, yenye wati za kutosha. Halafu ondoa chaja na betri (kwenye 840 G1 betri iko chini ya kifuniko cha nyuma), shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, chomeka chaja peke yake, washa. Ikigoma hapo, mpelekee mwenye mita, ramani ya saketi na subira.

Kama taa zipo na kioo ni cheusi, hapa ndipo watu wanapoibiwa pesa na data. Mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona maandishi hafifu kwa mbali, mashine inafanya kazi na mwanga wa kioo ndio uliokufa. Chomeka monita ya nje pia. Kisha tazama taa ya Caps Lock: HP nyingi za miaka ile zikikwama huipepesa, na mapepeso matatu kwa kawaida yanamaanisha RAM. Yahesabu kabla hujashika bisibisi.

Na mashine ya yule mama ilikuwa RAM. Aliongezewa kipande kingine ili mashine iwe na kasi, na aliyemuuzia alimwambia "DDR3 ni DDR3", yaani RAM zote za aina hiyo ni sawa. Si kweli, na naomba wauzaji walisikie hili. Prosesa za Intel za kizazi cha nne, kama ya 840 G1, zinataka DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya zamani ni ya volti 1.5. Umbo ni lilelile na inaingia kwenye soketi bila shida, ndiyo maana inadanganya. Soma lebo: PC3L inafaa, PC3 bila L haifai. Mashine za kizazi cha pili na cha tatu, kama EliteBook 8460p au ThinkPad T430, huipokea hiyo ya 1.5, ndiyo maana muuzaji ataapa kwamba kwake ilifanya kazi. Ilifanya kazi, kwenye mashine nyingine. Nilichomoa kile kipande, nembo ikatokea.

Kuna jambo sitalificha. Mara nyingi nachomoa RAM nzuri kabisa, nasafisha miguu yake kwa spiriti, nairudisha na mashine inawaka. Siwezi kuapa kama dawa ilikuwa usafi huo au ule umeme ulionasa kwenye mazabodi ukaisha nilipotoa betri, maana vyote vinafanyika pamoja. Mteja akiuliza kama tatizo litarudi, namjibu kwamba linaweza.

RAM ikishindikana, utasikia: "Chipu ya picha imelegea, tuipashe kwa bloa," yaani mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kataa. Tabia hii ilikolea enzi za HP Pavilion dv6000 na dv9000. Julai 2008 Nvidia, watengenezaji wa chipu za picha, ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptop zilizokuwa zinakufa, ikataja udhaifu wa malighafi ya chipu yenyewe. Ubovu ulikuwa ndani ya chipu, wala si risasi ya kulehemu inayoishikiza kwenye bodi. Moto unaifufua kwa siku au wiki chache, inatosha mteja alipe na aondoke. Tena 840 G1 nyingi hazina chipu ya picha ya peke yake; kazi hiyo hufanywa ndani ya prosesa ya Intel. Unapasha nini?

Aina ya tatu: nembo inatokea, kisha mashine inakwama. Hapa tu ndipo Windows inaweza kushukiwa, na hata hapa isiwe ya kwanza. HP yenyewe inachangia kuwapotosha watu, kwa sababu isipoona diski huandika ujumbe wenye namba 3F0 unaokutaka uweke mfumo endeshi. Mteja anasoma, anakuja kuomba Windows. Lakini ujumbe huo unaweza kuletwa na diski iliyolegea au iliyokufa. Angalia na tarehe ndani ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya volti 3 imeisha, huenda mipangilio imepotea, na inawezekana mashine inatafuta Windows kwa UEFI (njia mpya ya kuiwasha) wakati iliwekwa kwa Legacy (njia ya zamani). Badilisha betri, rudisha mpangilio, washa tena.

Ikibidi kweli kupiga Windows, diski ichomeke kwanza kwenye mashine nyingine, mafaili yanakiliwe, na mwenyewe ayafungue kwa macho yake kabla fundi hajafuta chochote. Fundi akisema hana muda wa hilo, chukua laptop yako.