Ngome ya Kannur haikujengwa na Vasco da Gama

Kila kundi ninalolipeleka Kerala, jimbo la kusini mwa India, huwa na mjuzi wake. Tukifika langoni mwa ngome ya St. Angelo, Kannur, anawageukia wenzake: "Hii kaijenga Vasco da Gama." Jamani, hapana! Da Gama alifika pwani hii 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Ngome ilipoanza kujengwa Oktoba 1505, yeye alikuwa kwao Ureno.

Mjenzi ni Francisco de Almeida, kamanda wa Kireno, na mtu wa pwani yetu hana udhuru wa kutolijua jina hilo. Julai mwaka huohuo aliiteka Kilwa akaacha ngome; Agosti akaipora Mombasa na kuichoma moto, kisha akavuka kwenda India. Wenyeji wa Kannur nao hawakukaa kimya. Mwaka 1507 waliizingira ngome yapata miezi minne, Wareno wakabanwa kwa njaa, hadi Agosti walipookolewa na msafara wa Tristão da Cunha. Msafara huo ulikuwa umeichoma Barawa, mji wa pwani ya Somalia, njiani. Halafu mtu ananiambia amekuja kutazama historia ya Wahindi, yeye haimhusu!

Wengine husema ni ya Wareno mwanzo mwisho. Waholanzi waliichukua 1663, wakamuuzia Ali Raja wa Arakkal, ukoo wa kifalme wa Kiislamu wa hapohapo, mwaka 1772. Waingereza wakaitwaa 1790.

Kuna na wa kusema: "Nimeshaiona Fort Jesus ya Mombasa, ngome ni ngome." Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Hii ya Kannur ina umbo la pembetatu, na mawe yake ni lateriti nyekundu, laini yakichimbwa, magumu yakishapigwa na hewa. Sogea karibu na ukuta uone: jiwe lote lina vitundu.

Na mvua za Juni hadi Septemba si manyunyu, msidanganywe na bei nafuu ya hoteli. Hiyo lateriti ikilowa na kuota kijani inateleza vibaya, hasa kwenye ngazi za kupandia juu ya ukuta. Njooni Desemba hadi Februari, saa kumi jioni jua likipoa, na mvae raba. Nusu saa haitoshi. Anayetaka nusu saa abaki kwenye basi.