Mzimu katika Hadithi za Kufiwa: Maana na Kazi Yake

Katika hadithi zinazosimulia maisha ya watu waliobaki baada ya kifo cha mpendwa wao, mzimu ni marehemu ambaye bado ana la kufanya miongoni mwa walio hai: huonekana, husikika au huhisiwa tu, na kuwapo kwake hubadili mwenendo wa mfiwa. Asichanganywe na mzuka wa hadithi za kutisha, ambao, kama jina lenyewe linavyodokeza, huzuka ghafla ili kumshtua msomaji. Mzimu wa hadithi za kufiwa aghalabu haogopwi; hungojewa.

Chimbuko lake ni kumbukumbu iliyokataa kuingia katika wakati uliopita, na lugha yenyewe hulidhihirisha jambo hili. Mjane anamwambia mgeni, "Mume wangu hapendi mlango huu ufungwe," kisha ananyamaza, anautazama mlango, anajisahihisha: "Hakupenda." Kati ya hapendi na hakupenda ndipo mzimu anapokaa. Mwandishi stadi hahitaji ukungu wala vilio vya usiku wa manane. Mlango ulioachwa wazi miaka mitatu unatosha.

Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, katika insha yake ya 1917 kuhusu maombolezo, alieleza kwamba mfiwa hulazimika kuzipitia kumbukumbu za aliyempoteza moja baada ya nyingine, kazi ya polepole na yenye maumivu, na kwamba wapo wanaoipinga kwa nguvu kiasi cha kuukana uhalisi na kuendelea kumwona aliyekwisha kuondoka. Fasihi huuchukua upinzani huo na kuupa uso, sauti na hatua za miguu.

Je, mzimu huyo yupo kweli ndani ya hadithi, au ni mawazo ya mfiwa? Kipimo ninachokiamini ni kuuliza mzimu anajua nini. Akijua tu yale anayoyajua mfiwa, huenda ni kumbukumbu iliyovaa mwili. Akileta habari mpya, amekuwa mhusika kamili mwenye madai yake. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare alivitumia vyote viwili: mwanzoni walinzi nao wanamwona mfalme aliyekufa, naye anamfunulia mwanawe, Hamlet, siri ya kuuawa kwake, lakini baadaye, chumbani kwa malkia, Hamlet peke yake ndiye anayemwona, huku mama yake akishuhudia mtoto anayezungumza na hewa tupu.

Mfano unaonigusa zaidi ni riwaya ya Toni Morrison, Beloved, ya 1987, iliyochochewa na kisa cha Margaret Garner, mama aliyetoroka utumwa nchini Marekani na kumuua bintiye mwaka 1856 ili asirudishwe utumwani. Katika riwaya hiyo, binti aliyeuawa anarudi akiwa msichana mkubwa, anataka kupendwa bila kikomo, na mama, Sethe, anampa kila kitu hadi mwili wake mwenyewe unakonda huku wa binti ukinenepa. Hapa huzuni imechanganyika na hatia, na mama hawezi kujinasua peke yake. Wanawake wa mtaa, ambao kwa miaka mingi walimtenga, wanakuja mbele ya nyumba yake na kuimba, na ni katika kuimba huko ndipo mzimu anapoondoka.