Rodney Yano na dakika za moto ndani ya helikopta

Tarehe 1 Januari 1969, karibu na Bien Hoa, Vietnam ya Kusini, Rodney Yano, mzaliwa wa Hawaii, alikuwa fundi wa zamu kwenye helikopta ya kamanda wa kikosi cha anga cha Rejimenti ya 11 ya vifaru ya Jeshi la Marekani.

Kwenye Huey, helikopta za jeshi la Marekani katika vita vile, fundi ndiye mwenye ndege. Marubani hupishana, yeye yupo palepale. Asubuhi hukagua rota, oili na boliti; angani hukaa mlangoni na rashasha ya M60, yenye kasi ya risasi 550 hivi kwa dakika; ikitua, anaanza matengenezo. Kila sanduku la risasi lililo nyuma ya viti anajua liko wapi.

Helikopta ya kamanda huzunguka juu ya mapigano ili aelekeze mizinga kwa redio. Juu ya msitu mnene, kamanda haoni kitu ila majani, hivyo lazima adui awekewe alama. Moshi wa rangi mara nyingi hukwama chini ya matawi. Fosforasi nyeupe huwaka kwa joto kali, na joto hilo huusukuma moshi juu hadi utokeze. Yano alikuwa akitupa guruneti za aina zote mbili huku akifyatua rashasha, naye akipigwa risasi kutoka chini.

Guruneti ya fosforasi hushikwa wenzo wake ukibanwa kiganjani, mkono ukiwa nje ya mlango. Ukiachia wenzo, fyuzi, yaani kiwashio cha guruneti, hukupa sekunde 4 hadi 5. Moja ililipuka kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo ugumu wenyewe. Fosforasi hushika moto yenyewe hewani kwenye nyuzi joto 30 hivi, na hunata mwilini. Ukiimwagia maji inazimika. Ikikauka inawaka tena. Vipande vilivyotapakaa ndani vilianza kulipua risasi na vifaa, na moshi mzito ukamziba rubani macho. Asiyeona upeo wa macho hupoteza mwelekeo upesi sana, na kweli ndege ilimponyoka. Kufungua milango hakutoshi chanzo cha moshi kikibaki ndani: dawa ni kukitoa nje.

Yano alibaki na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na macho yalikuwa yamepofuka kwa sehemu. Alishika risasi zinazowaka akazitupa nje, moja baada ya nyingine. Kila alichoshika kilimjeruhi zaidi, lakini hakuacha mpaka hatari ilipopita. Wenzake waliokolewa; yeye akafa kwa majeraha.

Kwa maoni yangu, ujasiri wake hautengani na ufundi wake: alijua kipi kitoke ili rubani aone tena. Mwaka 1970 Rais Nixon aliikabidhi familia yake Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Marekani. Meli ya mizigo ya jeshi la majini, USNS Yano, ilipewa jina lake.