Umbali wa Ugonjwa Haupimwi kwa Mtaa

Kila mlipuko unapotangazwa Mombasa, sisi wa kitengo cha kufuatilia magonjwa huulizwa swali lile lile: "Umefika mtaa gani?" Tukisema Likoni, wa Tudor anashusha pumzi. Tukisema Kisauni, wa Changamwe anaendelea na shughuli zake. Naelewa mazoea haya yametoka wapi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Mji wa Kale ulifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na tangu hapo wengi tumezoea kuuchorea ugonjwa mipaka. Lakini jina la mtaa linakwambia machache sana kuhusu hatari yako wewe. Jiulize badala yake: ugonjwa huu humwingia mtu kwa njia gani, na njia hiyo nakutana nayo wapi kuanzia ninapoamka hadi ninapolala?

Chukua kipindupindu, ambacho huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha aliyeambukizwa. Fikiria dereva wa bodaboda wa Mishomoroni ambaye jirani yake, ukuta kwa ukuta, amelazwa. Kwake maji ya kunywa huchemshwa na kuwekwa kwenye dumu la mdomo mwembamba, wala hali kabla ya kunawa kwa sabuni. Sasa fikiria karani anayeishi Nyali, asiyemjua mgonjwa hata mmoja. Kila mchana hununua juisi ya barafu kando ya barabara, na hajui barafu ile ilitokana na maji ya bomba, ya kisima au ya mkokoteni. Kuyagandisha maji si kuyasafisha; vijidudu hubaki hai humo. Mimi ningemhofia karani zaidi.

Hesabu hiyo ingegeuka lau yule dereva angekuwa anachangia choo au kisima na jirani yake. Jiwe letu la matumbawe lina matundu mengi, na uchafu wa choo cha shimo hupenya hadi kwenye kisima kilicho karibu bila maji kubadilika rangi wala ladha. Tena wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaumwi, au huharisha kidogo tu, na bado hutoa vijidudu chooni kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo mtu akiniambia "kwetu hakuna mgonjwa", huwa namuuliza maji yake anayachota wapi, na nani huyatia mkono. Kata inayozamishwa mtungini na kila mtoto wa nyumba huyaharibu hata maji yaliyochemshwa vizuri.

Dengi inaipindua hesabu hii yote, na hapa ndipo watu waangalifu wanapokosea. Mbu wake hataki mtaro mchafu. Anapenda maji safi yaliyotulia: pipa la uani, birika lisilofunikwa, sahani chini ya chungu cha maua, gurudumu kuukuu. Mji huu, ambao mifereji hukauka siku kadhaa na kila nyumba hulazimika kuweka akiba, tumemjengea mbu huyo makao kwa mikono yetu. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Yai hadi mbu kamili huchukua takriban siku 7 hadi 10. Funika vyombo vyote, na mara moja kwa wiki vimwage na kuvisugua ndani. Kusugua ni lazima, maana mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi.

Dengi ilizuka hapa mwaka 2013, kisha 2017, kisha 2021, kwa hiyo watu wazima wengi wa Mombasa wameshaipata, baadhi wakidhani ni malaria. Virusi vyake ni vya aina 4. Kupona aina moja hakukulindi na nyingine kwa muda mrefu, na maambukizo ya pili ndiyo yenye hatari zaidi ya kuwa makali. Anayesema "mimi nilishaumwa, mwili umezoea" ndiye hasa anayepaswa kujichunga. Homa ikija, tumia panadol; ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziepuke, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Na homa inaposhuka usidhani umeshapona. Tumbo likiuma sana, ukatapika mfululizo au ufizi ukatoka damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mpox, maradhi ya virusi yanayotoa vipele, iliyothibitishwa Kenya mara ya kwanza Julai 2024 huko Taita Taveta, ina njia nyingine kabisa: ngozi kwa ngozi, kitanda, ngono, taulo. Kusimama na watu kwenye feri hakukuweki hatarini kama kulala na mwenye vipele.

Hatari pia si yako peke yako. Kijana mwenye nguvu anaweza kupita salama, lakini nyumbani yupo mjamzito, bibi mwenye kisukari, mtoto wa chini ya miaka 5. Mpimie yule dhaifu kuliko wote. Na upime upya mambo yakibadilika: bomba likikauka, mvua ikifurisha vyoo, au mkialikwa arusi ambako pilau imepikwa asubuhi na kuliwa jioni.

Mtu akianza kuharisha maji kama yaliyooshewa mchele, usingoje alfajiri. Kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache. Koroga lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali.