Tovuti inayomtanguliza mtumiaji ni tovuti ya namna gani?

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ukimwambia mtu "tovuti safi" anaelewa tovuti nyeupe, maandishi madogo madogo, picha moja kubwa pale juu, basi. Si hivyo. Safi maana yake mtu akiingia anaona haraka kile amekuja kutafuta na hakuna kitu kinamzuia njiani, iwe nyeupe, iwe ya bluu, hiyo ni rangi tu. Na kumtanguliza mtumiaji ni kwamba kabla hujagusa rangi wala picha unajiuliza kwanza: huyu mtu ni nani, ameshika simu gani, saa ile anafungua yuko wapi, na anataka kufanya nini?

Hili nililielewa vizuri siku nilipotengeneza tovuti ya watu wa boti za kwenda Bukavu. Nilikuwa nimeweka picha ya ziwa Kivu jua linazama, nzuri kabisa, yenyewe peke yake ilikuwa mega 4, halafu picha zingine zinabadilika zenyewe, halafu historia ya kampuni. Nikampelekea simu mama mmoja anayeuza vitenge Birere, mtaa wa hapa Goma, saa saba mchana, jua linawaka, nikamwambia mama, nitafutie boti ya kesho. Akaiwekea simu kivuli na mkono, akangoja picha ishuke, ikashuka polepole mpaka boti ikaonekana, akaibonyeza ile boti ya kwenye picha mara tatu, kimya. Akaniangalia. "Papa, sasa bei iko wapi?" Bei ilikuwa huko chini kabisa, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. Nilitaka sana kumwonyesha lakini nikajizuia, sababu kama lazima nisimame pembeni yake basi tovuti haijafanya kazi yake.

Watu wa kazi hii wanaita hayo yote uzoefu wa mtumiaji. Don Norman, mtu wa saikolojia, alipoingia Apple, kampuni ya kompyuta, mwaka 1993 aliyaweka maneno hayo kwenye cheo chake, maana alitaka neno litakaloshika kila kitu mtu anakutana nacho anapotumia chombo, si ekrani peke yake. Na Jakob Nielsen, mtaalamu mwingine wa kazi hiyo, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiijaribisha tovuti na watu 5 tu unaona sehemu kubwa ya matatizo. Watu 5! Hao unawapata kwa wamotari, wale wa pikipiki za abiria, wa ronpwa (mzunguko wa barabara) moja kabla ya chakula cha mchana, huhitaji hela wala ofisi, unahitaji kukaa kimya na kuangalia vidole vyao.

Ile kijivu yangu nayo ina kanuni yake. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isishuke chini ya 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo iliwekwa kwa kufikiria wale wasioona vizuri, lakini kwenye jua la saa saba sisi wote tunakuwa hatuoni vizuri.

Fomu ndiyo inaniuma zaidi. Mtu anachukua fomu iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya anaibandika hapa kama ilivyo, inadai namba ya posta wakati huku mtu anakuelekeza kwa kartie (mtaa), avenyu, na kitu kilicho karibu, inakupa visanduku 2 vya jina wakati Mkongomani ana jina, postnom (jina la pili linalofuata) na prenom (jina la kwanza), unabaki unajiuliza postnom uiweke wapi, halafu ukiandika namba inayoanza na 0 inakuambia kwa maandishi mekundu kwamba umekosea, inataka +243, namba ya nchi. Hujakosea wewe! Hiyo ni namba yako, unaitumia kila siku. Programu ndiyo ingepaswa kupokea zote mbili na kujipangia yenyewe, ni mistari michache tu ya programu.

Na kuvutia je? Kinachomvuta mtu abaki si vitu vinavyorukaruka, ni kupata jibu na kuona kwamba aliyetengeneza alimfikiria, hata mega zake alizifikiria, maana amezinunua. Tovuti ya kwanza kabisa duniani, ya Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 1991, ni maandishi na viungo tu, na nakala yake mpaka leo inafunguka kwenye simu ndogo. Sisemi turudi huko, picha nzuri ni nzuri, mimi mwenyewe nazipenda. Ila ipunguzwe kwanza, na isikalie nafasi ya bei.

Nilirudi kwenye ile ya boti nikaitoa picha, nikaweka nyingine isiyofika hata kilobaiti 80, huko chini. Juu kabisa nikapanga saa ya kuondoka, bei kwa dola, bandari gani, na butoni moja pana ya kupiga simu, maandishi meusi. Nikarudi Birere saa ile ile ya jua. Mama wa vitenge hakuwepo, nikampa simu mwenzake wa meza ya pembeni. Akasoma saa ya boti kwa sauti, akasema "hii ya asubuhi itanifaa," akabonyeza, na simu ikaanza kuita.