Je, wajua kwa nini dume la bata mzinga hupigana na sanamu ya plastiki?

Jibu linalotolewa haraka ni mapenzi: mwindaji anasimika jike la plastiki uwandani, dume analiona, anakuja mbio, kwisha. Kuna ukweli ndani yake, ila mambo yamepinduliwa.

Bata mzinga wa porini wa Amerika Kaskazini, spishi ileile waliyotokana nayo hawa tunaowafuga uani, hupandana majira ya machipuko, na kwa kawaida anayefunga safari ni jike. Dume hulia kwa sauti ya kububujika, hutanua mkia, huburuza mbawa ardhini na kungoja. Mwindaji anayeigiza mlio wa jike, basi, anamtaka dume avunje desturi. Sauti humleta karibu, lakini akishamwona huyo "jike" peupe, mara nyingi husimama nje kidogo ya masafa ya bunduki ya marisau, ajitutumue, amngoje bibi aje mwenyewe. Plastiki haiji. Dume hukata tamaa, akajiendea zake.

Ndiyo maana wawindaji wengi humwekea jike mwenzake: sanamu ya dume changa, mwenye kichwa chekundu na ndevu fupi kifuani. Hapo shauri la mapenzi limegeuka kuwa la cheo. Madume ya bata mzinga hupigana mpaka kila mmoja amjue mkubwa wake. Dume mzee akimkuta kijana asiyemfahamu ubavuni mwa jike, ni kama mwenye nyumba aliyerudi akakuta mtoto wa jirani amekalia kiti chake: hasimami kumchunguza, anakwenda kumwinua. Kijana wa kweli angeinamisha kichwa au angekimbia. Wa plastiki hatikisiki, na dume humrukia kwa mateke na kucha za nyuma ya miguu.

Mjuzi wa kazi hii huigeuza sanamu ya dume imtazame yeye mwindaji. Mgomvi hupenda kumkabili mwenzake uso kwa uso, hivyo huzunguka akampa mwindaji mgongo, na mkia wake mwenyewe uliotanuka ukamziba asione bunduki ikiinuliwa.

Sanamu yenyewe haihitaji kufanana sana na ndege. Watafiti wa Marekani Martin Schein na Edgar Hale waliwapa madume jike bandia, wakawa wanaling'oa kiungo kimoja baada ya kingine. Kilipobaki kichwa juu ya kijiti, madume waliendelea kukitongoza, tena kwa ari kuliko kiwiliwili kisicho na kichwa. Hao lakini walikuwa ndege wa kufugwa. Wa porini, aliyekwisha kukoswa na risasi, huenda asidanganyike hivyo.

Na kuna wanaoikimbia kabisa sanamu ya dume, hasa ikiwa imetanua mkia wote. Kijana aliyepigwa juzi na mkubwa wake hana hamu ya mchuano mwingine.

Kinachowatia wasiwasi zaidi wasimamizi wa uwindaji ni kwamba sanamu humdanganya hata binadamu. Wawindaji hushauriwa wasivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na wabebapo sanamu zao msituni wazifunike kwa mfuko wa rangi ya chungwa inayong'aa.